Kamusi kubwa ya Oxford ya vitabu viwili (toleo la 1973): nimeitumia hapa Mbeya, kwa wanaosoma Kiingereza cha zamani inafaa

Habari zenu wadau. Leo naleta kamusi, na najua kuna watakaosema kamusi si ipo kwenye simu, ya nini kubeba mzigo, ila nisomeni kwanza. Inaitwa The Shorter Oxford English Dictionary, jina linasema ni fupi lakini ni vitabu viwili vikubwa, cha kwanza kinaanza na A mpaka ndani ya herufi M, cha pili kinachukulia hapo mpaka Z. Nimeinunua ya mtumba kwa muuza vitabu wa mezani maeneo ya Kabwe, alianza na elfu themanini tukaongea tukaongea mpaka elfu hamsini kwa vyote viwili, na kwa bei hiyo mimi naona nimepata kitu, maana ukienda kuulizia kamusi mpya za aina hii unakuta bei imechangamka kweli kweli na hapa Mbeya hata kuziona ni shida.

Kazi yangu mimi ni kutafsiri, nyaraka za makanisa, mikataba ya watu, barua, na jioni nafundisha tuisheni vijana wa kidato cha tano na sita wa HKL na HGL, yaani michepuo yenye somo la Kiingereza. Kwa hiyo Kiingereza ninachokutana nacho sio cha redioni tu. Nakutana na Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611 kwa sababu wazee wengi wa kanisa waliosoma zamani bado wanaipenda, nakutana na Shakespeare, nakutana na Kiingereza cha wanasheria ambacho ni kama kilisimama kukua miaka mia tatu iliyopita. Na hapo ndipo kamusi za kawaida zinakuacha njiani. Ile ya Hornby, Oxford Advanced Learner's, wote tumeitumia na naiheshimu sana, ukitaka kujua neno linatumikaje leo hamna kama ile, ila kazi yake ni leo. Ukiwa na kitabu cha mwaka 1611 halafu unatumia kamusi ya leo utapata maana, sentensi itakubali, na utakuwa umepotea bila kujua kuwa umepotea. Neno geni kabisa halina hatari kubwa maana utalitafuta. Hatari iko kwenye neno unalolijua tangu darasa la tano, ambalo zamani lilikuwa na kazi nyingine.

Chukua neno "prevent". Kila mwanafunzi anajua ni kuzuia. Sasa fungua King James, Wathesalonike wa Kwanza sura ya 4 mstari wa 15, inasema sisi tulio hai "shall not prevent" wale waliolala. Hatutawazuia? Kuwazuia wafanye nini? Fungua hii kamusi, unakuta maana ya kwanza kabisa ni kutangulia, kufika kabla ya mwingine, imetoka Kilatini praevenire, kuja mbele, halafu kutoka kumtangulia mtu ikaja kuwa kumuwahi, kutoka kumuwahi ikaja kuwa kumkwamisha, ndio ikafika hii kuzuia ya leo. Sasa chukua Biblia yetu ya Kiswahili, ile Union Version ya 1952 ambayo iko kila nyumba, mstari huohuo: "hatutawatangulia wao waliokwisha kulala mauti". Umeona? Bibi yangu ambaye hakuwahi kusoma Kiingereza hata siku moja alikuwa anausoma ule mstari sawasawa kuliko mtu mwenye digrii anayesoma King James kwa kamusi ya simu.

Hii ndiyo njia ninayoitumia sana siku hizi na nawashauri wote, weka hii kamusi upande mmoja na Biblia ya Kiswahili upande mwingine. Petro wa Kwanza 1:15 King James wanasema muwe watakatifu katika "conversation" yenu yote, kijana wa leo anajua ni mazungumzo, yaani tusitukane tu basi, kumbe kamusi inakwambia zamani ilikuwa ni namna mtu anavyoishi na watu, na Kiswahili kinasema mwenendo. Mwanzo 1:29 wanasema miti na mbegu vitakuwa "meat" kwenu, ambayo leo ni nyama, na nimeshasikia mtu anajenga hoja nzima juu ya hilo neno, ila "meat" kwa Kiingereza cha zamani ni chakula chochote na Kiswahili kimeandika chakula. Mathayo 6:6, ukisali ingia kwenye "closet" yako. Leo wanakwambia kabati la nguo. Kiswahili kinasema chumba chako cha ndani, na ndivyo kamusi inavyosema, chumba kidogo cha faragha cha mwenye nyumba.

Na hilo la "closet" lilinifaa tena kwenye tuisheni, maana tulikuwa tunasoma mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, pale Antony anasimama na karatasi mbele ya watu wa Roma anasema ni wosia wa Caesar, ameukuta "in his closet". Kijana mmoja akauliza, mwalimu, wosia wa mkuu wa nchi unakaaje kwenye kabati la nguo, na mwingine kwa sababu anajua W.C. ya chooni ni kifupi cha "water closet" akauliza vibaya zaidi. Ni swali la haki kabisa. Ule mchezo umechezwa London 1599, ukachapwa 1623, "closet" ya wakati ule ni chumba ambacho mtu mkubwa anajifungia na nyaraka zake. Ukishajua hivyo ile karatasi inapata uzito, imetoka sehemu ya siri. Na humohumo Brutus anawaambia watu "censure me in your wisdom", ambayo kwa leo ni nilaumuni, nikaripieni, na haiingii akilini kwa mtu anayejitetea. Kamusi inakupa maana ya zamani, toa hukumu, toa maoni, yaani Brutus anawaambia nipimeni kwa busara zenu. Tena mwanzoni kabisa anamwambia Cassius kwamba hana "jealous" yoyote kuwa anampenda, hapo ni kwamba hana shaka, wivu haupo kabisa. Maneno matatu ya kawaida kwenye mchezo mmoja, na kila moja ukilisoma kwa maana ya leo unamwelewa mtu tofauti na aliyeandikwa. Ndiyo maana kila nikifungua Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, aliyoitafsiri kwa mara ya kwanza 1963, nasema huyu mzee alikuwa na nchi changa ya kuongoza na bado alikaa usiku akapambana na maneno ya namna hii, hiyo kazi haijapewa heshima yake.

Sasa niseme jinsi yenyewe inavyofanya kazi, maana mtu akiifungua mara ya kwanza anaweza akaifunga. Maana zimepangwa kwa umri, ya zamani kuliko zote inakaa mbele, ya leo inakuja mwishoni. Hii inawachanganya watu waliozoea kamusi za shule ambapo namba moja ndiyo ya kutumia, hapa namba moja inaweza ikawa maana iliyokufa kabla ya babu wa babu yako. Pembeni ya maana wanakuwekea mwaka ilipoonekana kwenye maandishi mara ya kwanza. Kama imeshakufa wanaweka kimsalaba kidogo mbele yake, na mwishoni mwaka ilipoonekana mara ya mwisho. Neno likiwa na kimsalaba lenyewe ujue lote limezikwa. Mimi hiyo miaka ndiyo iliyonifanya nitoe hela. Unakuwa na maandishi ya 1611, unaangalia maana ipi ilikuwa hai 1611 na ipi ilikuwa bado haijazaliwa, unakata. Mfano "nice", leo ni nzuri, safi, imetoka Kilatini nescius ambayo ni asiyejua, na kwa Kiingereza ilianza na maana ya mjinga, ikapita kwenye maana nyingi mno, mtu wa kuchaguachagua, kitu chembamba cha kuhitaji makini, na hii ya kupendeza imekuja karne ya 18 tu. Kwa hiyo ukiikuta kwenye Shakespeare usidhani anasifia.

Nimesema jina lake ni fupi, ni kwa sababu imefupishwa kutoka kamusi kubwa zaidi, niwape historia kidogo maana inagusa. Ile kamusi mama, Oxford English Dictionary, kipande chake cha kwanza kilitoka 1884 na ikamalizika 1928, mhariri wake mkuu James Murray alikufa 1915 hajaiona mwisho. Toleo la pili la 1989 ni vitabu ishirini. Hii fupi ilianzwa 1902 na mzee mmoja anaitwa William Little, akafanya peke yake miaka ishirini mpaka alipofariki 1922, wenzake wakamalizia chini ya C. T. Onions na ikatoka 1933. Miaka ishirini mtu anapunguza kitabu cha mwingine neno kwa neno na haoni siku kinauzwa. Nikiwa nimeifungua usiku namkumbuka. Hii niliyonayo ni toleo la tatu ambalo kwanza lilitoka 1944, ila chapa ya 1973 waliandika upya sehemu inayoeleza neno limetoka wapi, kwa hiyo ukikuta za zamani zaidi ya hapo sio mbaya ila ya 1973 ni bora.

Turudi kwenye maneno. Kuna kitu kinanigusa sana na nadhani kitawagusa wote mliolelewa shambani, Mbozi, Rungwe, Ileje, Mufindi, Njombe kote huko. Tafuta "villain", mtu mbaya kwenye filamu. Imetoka Kilatini villa, nyumba ya shamba, na "villain" alikuwa mtu wa kijijini tu, anayelima ardhi ya bwana. Tafuta "boor", mtu asiye na adabu, ni mkulima. "Churl", mtu mkorofi, ilikuwa ni mtu huru wa kawaida asiye na cheo. "Clown" huyu wa kuchekesha, moja ya maana zake za mwanzo kwa Kiingereza ni mtu wa shamba. "Pagan", imetoka neno la Kilatini la mtu wa kijijini. Unapitia kurasa unakuta neno baada ya neno la mkulima limegeuzwa tusi. Halafu geuka uangalie "lord", asili yake ni mlinzi wa mkate, na "lady" ni anayekanda mkate, yaani cheo chao chote kimesimama juu ya unga ambao yule "villain" ndiye aliyeulima! Nilikaa na hiyo kurasa muda. Na tusiwacheke Waingereza kwa sababu sisi tuna "mshamba", tunalitamka kila siku mjini bila kufikiri, na wanaolitamka wamekula mahindi ya Rukwa na mchele wa Kyela na viazi vya Umalila. Watu wa mjini ndio walioshika kalamu, huku na kule, ndio kilichotokea. Kamusi haisemi hivyo, yenyewe inaweka miaka tu, ila ukisoma miaka unaona.

Na kwenye kulima hapohapo kuna neno "ear". Hili ukitaka kumwonesha mtu thamani ya hii kamusi mfungulie hapa. Unalijua ni sikio. Pia unalijua ni suke, suke la ngano, suke la mtama. Watu wengi wanadhani suke limeitwa hivyo kwa sababu limesimama kama sikio, ila kamusi inakuwekea kila moja kwenye mlango wake, na asili zake ni tofauti, yamefanana kwa sauti tu. Halafu kuna mlango wa tatu, "ear" kitendo, kulima na plau, ndugu wa arare ya Kilatini. Neno hilo lilikufa siku nyingi lakini liko kwenye King James, Mwanzo 45:6, Yusufu anawaambia ndugu zake bado miaka mitano hakutakuwa na "earing" wala mavuno. Mtu anasoma pale anaona sikio, anaona hereni, anaruka. Ni kulima, kulima na kuvuna, na Kiswahili kinasema hivyohivyo. Tena humo kwenye habari za Yusufu wanasema kulikuwa na "corn" Misri, na kwa sababu huku kwetu mahindi ndio chakula, vijana wote wanaona maghala ya mahindi kwa Farao. Mahindi yalitoka bara la Amerika, hayakujulikana huku kabla ya safari ya Columbus ya 1492, kwa hiyo Yusufu hajawahi kuona hindi maishani mwake. "Corn" ya zamani ni nafaka yoyote, kila sehemu iliitwa hivyo ile inayolimwa sana pale, na kwa Marekani ndipo ikang'ang'ania mahindi.

"Quick" nayo. Leo ni haraka, zamani ni hai, enye uhai. Ndiyo maana kuna "the quick and the dead", kwetu walio hai na waliokufa. Na ndugu zetu wa Chunya wanaoshika zebaki kila siku kwenye kukamata dhahabu, jina lake la zamani kwa Kiingereza ni "quicksilver", fedha iliyo hai, kwa sababu inatembea. (Ni sumu hiyo wadau, msiishike kwa mikono mitupu na msiichomee karibu na nyumba.)

Upande wa sheria nako imeniokolea watu. Kuna dada mmoja ana saluni, amepanga fremu ya duka, akaletewa mkataba wa Kiingereza, ndani imeandikwa "the demised premises" na mbele huko inasema upangaji "shall determine" baada ya notisi ya miezi mitatu. Alipoweka kwenye simu "demise" ikamletea kifo. Akanipigia usiku, mwalimu hawa watu wananiandikia kifo kwenye fremu yangu? Nikamwambia tulia dada yangu, njoo kesho. Kamusi inaonesha vizuri kabisa, "demise" ilianza kama neno la sheria, kumpa mtu mwingine haki ya mali kwa kupangisha au kwa wosia, na maana ya kifo ilikuja baadaye kwa sababu mfalme akifa ndipo ufalme unapohamia kwa mwingine. Na "determine" ambayo sote tunajua ni kuamua, kwa wanasheria ni kufikia kikomo, kuisha, terminus ya Kilatini ni mpaka. Kwa hiyo mkataba unasema tu: eneo lililopangishwa, na upangaji utaisha baada ya notisi. Alisaini akiwa anajua anachosaini. Huyo dada alinishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, kama vile nimemtoa mahakamani. Mimi naona wanaoandika mikataba wangeacha haya maneno, mteja ni Mtanzania, fremu iko Mwanjelwa, Kiswahili kipo, lakini mpaka waache, sisi tutaendelea kuhitaji kitabu cha namna hii.

Kuna neno dogo ambalo nalipenda na sijui kama kuna mtu ameliangalia, ni "yon" na "yonder". Kiingereza cha leo kina this na that, hiki na hicho, kimebaki na hatua mbili. Zamani walikuwa na ya tatu, "yon", kile kule mbali ambacho mimi na wewe wote tunakiona. Sisi tunazo zote tatu na tunazitumia bila kufikiri, mlima huu, mlima huo, mlima ule, mtu akisimama Soweto akanyoosha mkono juu anasema Loleza ule pale. Wenyewe yao imebaki kwenye lahaja na mashairi. Vijana wangu wakipata "yonder" kwenye mtihani siwapi maelezo marefu, nawaambia ni "kule" basi, wameshaelewa wote.

Na "starve", kufa njaa, asili yake ni kufa tu kwa namna yoyote, na watu wa kaskazini mwa Uingereza waliendelea kuitumia kwa kufa na baridi. Ukiwa Uyole mwezi wa sita saa kumi na moja alfajiri unaelewa hao watu walikuwa wanasema nini.

Sasa mabaya yake, na yapo. Maandishi ni madogo mno, safu tatu kila ukurasa, na kwa mwanga wa taa ya kawaida macho yanauma, umeme ukikatika ndio basi usijaribu na kibatari. Vifupisho ni vingi na lazima usome kurasa za mwanzo kwanza, ambazo watu wengi wanaziruka, halafu wanalalamika kitabu hakieleweki. Maneno ya Kigiriki wameyaandika kwa herufi zenyewe za Kigiriki, kama hukupita seminari utayaruka tu. Maneno mapya usitegemee, ni ya 1973, kuna nyongeza mwishoni mwa kitabu cha pili lakini haifiki mbali, ukitafuta "computer" utapata na ile maana ya karne ya 17, mtu anayepiga hesabu, ambayo kwangu ni raha ila kwa mwanafunzi wa tehama haina msaada. Na haikufundishi kuongea. Mtu anayetaka Kiingereza cha usaili wa kazi asitoe hata shilingi mia hapa, achukue ile ya Hornby.

Pia mifano ya sentensi ni michache na mifupi sana, hapo ndipo ufupisho ulipouma. Wanakuandikia "Shaks." na maneno matano, hujui ni mchezo upi. Ile kubwa ya mtandaoni inayo yote lakini ni ya kulipia kwa mwaka, sio bei ya mtu wa kawaida wa Mbeya. Kwa wenye bando kuna Online Etymology Dictionary ya bure, nzuri sana kwa asili ya maneno, naitumia pia, ila yenyewe haikupangii maana zote za neno moja na vimsalaba vyake, inakuhadithia safari ya neno tu. Kuna na toleo jipya la hii hii, New Shorter la 1993, alilosimamia Lesley Brown, linasomeka vizuri zaidi kwa jicho na maneno mapya yamo, ila wameacha kuweka mwaka wenyewe wanaweka vipindi, kwa mfano L16 ni mwishoni mwa karne ya 16. Kwa mtu wa Shakespeare na King James bado linatosha kabisa kwa sababu waliamua kwa makusudi kuyabakiza maneno ya hao humo ndani. Mimi nikipewa kuchagua nabaki na 1973 kwa ajili ya miaka, hapo ni suala la kazi ya mtu.

Kwa nyota nampa nne kati ya tano, moja imeondoka kwa ajili ya macho yangu.

Niwaambie walengwa ili mtu asipoteze hela. Walimu wa fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na sita, wachungaji na makatekista wanaoandaa mahubiri kwa King James, watafsiri, makarani wa mawakili, wanafunzi wa lugha pale Mkwawa Iringa na vyuo vingine, hawa wanunue wakiiona tu. Shule zenye maktaba ningetamani kila moja iwe na seti moja, mezani, sio kwenye kabati lenye kufuli ambalo funguo iko kwa mtu aliyesafiri, maana nimeona shule ina kamusi nzuri ajabu na wanafunzi hawajui kama ipo.

Ukienda kununua ya mtumba angalia haya. Usinunue kitabu kimoja kwa ahadi kwamba cha pili kitaletwa, cha pili hakiletwi. Fungua mwishoni mwa cha pili uone nyongeza zimo, hizo kurasa za mwisho ndizo zinazochomoka kwanza. Pitisha kidole kwenye mshono wa katikati, vitabu vizito namna hii vikisimamishwa miaka kwenye rafu, kurasa zinauvuta mshono mpaka unaachia, kwa hiyo ukishaipata ilaze, usiisimamishe. Inuse pia, ikiwa imetoka Tukuyu au sehemu yoyote ya mvua nyingi inaweza kuwa na ukungu, madoadoa ya kahawia pembeni hayana shida ila ukiona unga mweupe au kurasa zimegandana achana nayo, utaambukiza na vitabu vyako vingine. Yangu ilikuwa na madoa tu, nikaianika kivulini mchana wakati wa kiangazi, mbali na jua kali maana jua linakausha gundi, imekaa sawa mpaka leo. Yule muuzaji wa Kabwe aliniambia ana seti nyingine ya 1993 inakuja, mwenye haja apite pale asubuhi kabla meza hazijajaa watu.